Mzee Aliyetafuta Shimo Moja

Pale Viwanja Sitini, mtaani kwetu Ifakara, kila mtu alimwita Mpima, hata watoto waliozaliwa yeye akiwa ameshastaafu. Mimi mwenyewe nilikaa naye jirani miaka mingi kabla sijalijua jina lake la ubatizo, na nilipolijua niliona halimkai. Alikuwa mpima ardhi wa serikali. Alizunguka mikoa na vyombo vyake begani, akastaafu, akaja kujenga nyuma ya duka langu la steshenari. Watu wakasema mzee sasa amekuja kupumzika. Walijidanganya. Mtu yule hakupumzika hata siku moja, kwa sababu alikuwa anatafuta shimo.

Niseme mapema ni shimo gani, maana yeye hakulifanya siri. Mdogo wake wa tumbo moja alikwenda kuchimba mawe kwenye milima ya Mahenge, enzi zile habari za rubi na spineli zilipowatoa vijana wa bonde zima mashambani. Shimo likamwangukia. Wenzake walihangaika kumtoa, wakashindwa, wakaingiwa na hofu, wakafukia mdomo wa shimo na kutawanyika kila mtu kwao. Habari ilipovuka mto na kufika Ifakara ilikuwa imepita kwenye midomo mingi, na hakuna aliyeweza kusema ni lipi kati ya mashimo yale yote. Mpima akaapa kulitafuta. Na kwa kuwa kazi aliyoijua duniani ilikuwa moja tu, akaamua kuchora ramani ya mashimo yote ya zamani ya milima ile, moja baada ya jingine, akiamini kwamba akiyaondoa yasiyohusika, siku moja litabaki lile. Alitaka mdogo wake atolewe azikwe. Kama hatoki, basi padri afikishwe pale pale, asome sala, na msalaba usimikwe.

Hilo tu, nasema, kama vile ni jambo dogo.

Dukani kwangu ndipo ramani ile ilipokuwa inakuja kutolewa nakala, na ndiyo sababu alinibatiza Mama Fotokopi. Alikuwa anachora kwa penseli kwenye karatasi kubwa, anaziunganisha kwa gundi, kisha ananiletea nizipunguze vipande vipande kwenye mashine. Nilikuwa nalalamika. Mashine yangu ni ya kutoa nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua za maombi ya kazi, si ya kumeza milima. Yeye anasimama nyuma yangu, mikono nyuma, anapumulia shingoni mwangu.

"Usiivute, Mama Fotokopi. Ukiivuta unaniongezea umbali."

"Mzee, nakuomba ukae kwenye kiti."

Hakai. Hakuwahi kukaa kwenye kile kiti.

Alivaa mabuti meusi ya mvua, kiangazi na masika, shambani na kanisani. Siku ya Pasaka watu wote wamependeza, yeye anakuja kupokea komunyo na mabuti yake, yanalia kwenye sakafu kama bata. Nilimtania mara nyingi kama altareni kuna tope. Alisema viatu vyake vingine vinambana. Ukweli ni kwamba hakuwa na viatu vingine, ingawa pensheni yake ingeweza kumnunulia. Ilikwenda yote kwenye nauli za bodaboda za kumpandisha Mahenge na mlo wa kuwalisha watu aliokuwa anawauliza maswali.

Ukimuuliza njia hakuelekezi kwa kidevu kama sisi wengine. Alikuwa anatoka, anakupeleka. Nilimwona akiacha ugali mezani kumsindikiza mgeni aliyekuwa anaulizia hospitali, mtu ambaye angeipata kwa kufuata lami tu. Na ukimwambia habari yoyote, hata ya kwamba bei ya mchele imepanda Mlimba, alikuwa na swali lake moja: "Ulikwenda mwenyewe?" Kama hukwenda mwenyewe alitikisa kichwa kwa upole na habari yako ikaishia hapo. Vijana wa kijiweni walimwigiza. Mmoja akisema Simba imefungwa, wengine wanapaza sauti kwa pamoja, "Ulikwenda mwenyewe?" Yeye anacheka pamoja nao, halafu anasubiri jibu.

Lakini mtu huyo huyo, aliyetaka kila kitu kiwe sawasawa, hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Harusi alikuta watu wanakunja viti. Mikutano ya jumuiya alikuta tunafunga kwa sala. Nilimuuliza inakuwaje mtu wa vipimo asijue saa, akanijibu kwamba saa hakuisomea. Na ukali wake ulianza nyumbani kwake. Siku moja alipima mpaka wa kiwanja chake na changu, bila mtu kumwomba, akagundua choo chake kimeingia kwangu kidogo, upana wa kiganja. Nilimsihi akiache. Nilimwambia mzee, mimi hicho kiganja nitakipeleka wapi? Alikibomoa. Familia yake nzima ikahamia kwangu kwa ajili ya choo, wiki kadhaa, mpaka alipojenga kingine. Nilicheka, nikakasirika, nikacheka tena. Ndivyo alivyokuwa, na ndivyo alivyotutesa wote tuliompenda.

Nilijifunza mambo ya mashimo kwake bila kutaka. Mimi nilidhani shimo ni shimo, unaliona, unapita pembeni. Kumbe wachimbaji wana desturi yao. Chakula kikiisha au mvua zikianza, hawaliachi shimo, wao huliita duara, likiwa wazi, maana wenzao wataliingilia. Wanalaza magogo juu ya mdomo, yale wanayoyaita matimba, wanatandika matawi na nyasi, wanarudisha udongo, na juu yake wanapanda mihogo. Ukipita unaona shamba. Wao wanajua watarudi. Basi mmoja anarudi, wengine wanaoa, wanaugua, wanahamia mjini, na mihogo inabaki. Inastawi kuliko ya mashamba, kwa sababu udongo umetifuliwa. Chini yake matimba yanaoza taratibu.

Kwa hiyo Mpima, akiona mihogo minene mahali pasipo na nyumba, alikuwa anasimama. Alichukua mti mrefu, akachoma ardhi mbele yake hatua kwa hatua, akasikiliza. Wanakijiji walimwona kichaa. Mama mmoja wa kule aliwahi kung'oa shina la muhogo wa namna hiyo, ardhi ikaondoka na mguu wake mpaka nyonga. Alitolewa na kamba ya mbuzi. Mpima alinisimulia habari ile huku amekunja uso, na nilipotaka kuuliza, akanitangulia: "Nilikwenda mwenyewe. Nimeliona lile tundu. Sikuona mwisho wake."

Shida kubwa haikuwa mihogo. Shida ilikuwa watu. Kule machimboni kuna imani kwamba shimo lililomeza mtu halikosi mawe. Sijui nani aliianzisha, lakini imeshika. Sasa fikiria mzee mmoja, na mabuti yake, anazunguka vijiji na karatasi, anauliza kwa adabu zote, "Shikamooni wazee. Natafuta shimo ambalo mtu alifia." Nani angemwamini kwamba anatafuta marehemu? Walimwona mjanja kuliko madalali wote waliowahi kupita. Wengine walimwelekeza pasipo na kitu ili apotee. Wengine walimfuata kwa mbali siku nzima, wakisubiri aonyeshe. Nilimwambia abadilishe maneno, aseme anatafuta mashimo tu. Alikataa. Alisema hawezi kuanza kazi ya mdogo wake kwa uongo.

Halafu kuna jambo la rangi nyekundu. Hili aliliongelea mara moja tu, na siku hiyo alikaa kwenye kile kiti. Naona nimekosea, nilisema hakuwahi kukikalia. Alikikalia siku hiyo.

Kila shimo alilolipata aliona ni dhambi kulichora kwenye karatasi peke yake huku watoto wa watu wanapita juu yake. Akanunua rangi nyekundu. Akawa anapaka mawe makubwa kuzunguka mdomo wa shimo, ili mtu akiona nyekundu ajue hatari na arudi nyuma. Kwa akili za ofisini ni jambo zuri. Lakini kule mlimani jiwe lililopakwa rangi lina maana nyingine kabisa. Maana yake kuna mtu ameona kitu hapo na ameweka alama kabla hajaleta wenzake. Mpima alirudi baada ya mavuno ya mpunga, akakuta mashimo yake yenye alama yote yamefunguliwa na watu wamo ndani. Vijana walimpokea kwa shangwe. Mmoja alimpa mkono kwa mikono miwili.

"Mzee wetu, tunashukuru sana. Umetuonyesha."

Mojawapo lilibomoka juu ya kijana. Alitolewa hai, lakini miguu ilisagika, akaletwa hospitalini hapa mjini. Mpima alikwenda kumwona. Alimkuta mama yake pembeni ya kitanda, akajitambulisha kwamba ndiye aliyepaka yale mawe, akasubiri atukanwe. Alitaka kutukanwa, aliniambia hivyo. Yule mama alimtazama, akatazama mlangoni kama kuna mtu, akamsogelea na kushusha sauti.

"Kwani mzee, pale kuna nini hasa?"

Alinieleza hayo akiwa ameinama, viwiko juu ya magoti. Nikawasha mashine nikatoa nakala ya kitu ambacho hakuna mtu aliyeniomba. Msimu uliofuata alipanda tena na brashi ya waya na petroli, akakwangua mawe yote, moja moja. Kwa hiyo hatari zilibaki kwenye karatasi yake tu, ambako hakuna aliyezisoma zaidi yangu mimi.

Aliipeleka ile ramani ofisini, usidhani hakuipeleka. Alivaa shati jeupe. Akapokewa na afisa kijana, mpole, mwenye adabu, aliyemwamkia vizuri na kumpa maji. Kijana akaifungua ramani mezani, akaisifu. Kisha akauliza namba ya leseni ya shimo la kwanza. Halina. La pili. Halina. Wale waliochimba hawakuwahi kuwa na leseni, ndiyo maana walifukia na kupanda mihogo.

"Basi mzee wangu, kwenye mfumo hayapo."

"Na mtu akitumbukia?"

"Hapo sasa inakuwa ni suala la kijiji, mzee."

Mpima hakumchukia. Alisema kijana anafanya kazi aliyopewa, na yeye mwenyewe enzi zake angejibu vivyo hivyo. Mimi ndiye niliyemchukia kijana wa watu, bila kumjua.

Jambo jingine aliloniambia siku moja tukiwa tunaunganisha vipande kwa gundi ni kwamba hata akimaliza, ramani itakuwa haijakamilika. Wachimbaji hawaendi chini wima tu. Wakikuta mwamba wenye mawe ya thamani wanaufuata, kulia, kushoto, mashimo yanakutana huko chini, na mtu anaweza kuingia hapa akaangukiwa chini ya shamba la mtu mwingine. "Ninachochora mimi ni milango," alisema. "Vyumba sivijui." Nikamuuliza, sasa mzee, ukiujua mlango na mtu hayupo nyuma ya mlango, utakuwa umepata nini? Aliendelea kupaka gundi. Nilitamani nisingeuliza.

Alijaribu na njia ambazo hakuziamini. Mkatoliki yule, wa rozari kila jioni, alivuka daraja siku moja kwenda kwa mganga. Alinieleza kwa aibu, ananong'ona, na dukani hamkuwa na mtu. Mganga alimsikiliza, akafumba macho, akayafumbua, akasema, "Wewe ndiye yule mwenye ramani? Hebu nione." Alitaka ramani kama wengine wote. Mpima akanyanyuka na mabuti yake akaondoka. Tulicheka siku ile mpaka machozi, yeye na mimi, na nafurahi kwamba tuliwahi kucheka vile.

Kuhusu Mlimba sikucheka. Mtu mmoja kati ya wale waliokuwa na mdogo wake siku ile alikuwa bado hai, analima mpunga Mlimba. Mpima aliposikia alipanda treni akaenda. Yule bwana alimpokea kama ndugu. Akachinja kuku, akamtandikia kitanda chake mwenyewe, na asubuhi akachora mchangani kwa kijiti. Mto huu, mkuyu huu, shimo hapa. Mpima akarudi, akapanda Mahenge, akaukuta mto, akaukuta na mkuyu. Shimo hakuna. Akarudi Mlimba. Kuku mwingine. Safari hii ilikuwa upande wa pili wa kilima, karibu na mwamba mweupe. Akaenda, mwamba upo, shimo hakuna. Mara ya tatu alimwomba yule bwana waongozane, wakaenda wote mpaka mlimani. Yule bwana alisimama, akatazama huku, akatazama kule, akaanza kulia.

"Kaka, nisamehe. Mlima wenyewe siukumbuki. Tulikuwa vijana, tunaletwa, tunaingizwa, tunatolewa."

"Na ule mto? Ule mkuyu?"

"Mito ipo kila mahali, kaka. Ulikuwa umetoka mbali. Niliona vibaya urudi mikono mitupu."

Hata leo nikikumbuka maneno hayo nashindwa nimlaumu nani. Ni sisi hasa hao. Mgeni akitoka mbali hatumwambii hapana, tunampa kitu, hata kama kitu chenyewe hatuna. Mpima hakumgombeza. Walikula pamoja mkate na soda pale pale kwenye jiwe, na akamlipia nauli ya kurudi. Nilipomuuliza kwa nini hakumtukana, alisema, "Alinihurumia." Alilisema kwa unyonge kiasi kwamba nilienda nyuma ya duka nikajifanya natafuta karatasi.

Sasa nimwongelee dada Skola, maana ukimwongelea Mpima bila dada Skola unamsifu bure. Dada Skola ndiye mke wa yule aliyefukiwa. Anaishi Lumemo, analima mpunga, tuko naye jumuiya moja ya dini kwa sababu kanisa lake la karibu na letu ni lile lile. Ni mwanamke mcheshi, mwimbaji, mkono wake wa kukaanga samaki hauna mfano. Lakini kila mwaka siku ya kuwaombea marehemu, sisi tukiwa tunafyeka majani na kuwasha mishumaa kwenye makaburi ya watu wetu, yeye alikuwa anasimama na mshumaa wake hana pa kuuweka. Mara ataweka kwenye kaburi la mama yangu. Mara ataweka chini ya ule msalaba mkubwa wa katikati. Mwaka mmoja upepo uliuzima, akaubeba akarudi nao nyumbani.

Kwenye bonde letu watu hupotelea mtoni. Mamba, mafuriko, mtumbwi kupinduka. Mwili usipoonekana, wazee wa ukoo hukaa, na muda ukipita hukata mgomba, wakauvika nguo ya marehemu, wakauzika. Watu wanalia, wanakula, tanga linaondolewa, maisha yanasogea. Dada Skola aliomba hilo. Aliliomba kwa heshima, mara nyingi. Wazee walikubali wote, lakini kwa hilo mkubwa wa familia lazima aseme ndiyo, na mkubwa alikuwa Mpima.

Mpima alisema hapana. Miaka yote alisema hapana. Alisema aliyechukuliwa na mto hajulikani aliko, lakini mdogo wake yuko mahali, ndani ya nchi kavu, na nchi kavu inapimika. Kuzika mgomba ni kusema tumekata tamaa. Tuligombana juu ya jambo hili dukani mwangu, wateja wanasikia.

"Mtu si mgomba, Mama Fotokopi."

"Na mjane si mlinzi wa shimo, mzee."

Hakuja dukani kwa muda mrefu baada ya hapo. Nilimkosa, na sikujuta. Alikuwa mtu mwema kupita kiasi, na wema wake ulikuwa umekaa juu ya kifua cha mwanamke mmoja miaka na miaka. Watoto wa dada Skola walikua wakiambiwa baba anatafutwa. Walioa, wakaolewa, baba anatafutwa. Mpima alipokuwa anakuja Lumemo kutoka mlimani, dada Skola alikuwa anamwekea maji ya kuoga na chakula, anakaa mkekani, anasubiri asikie. Na yeye, kwa kuwa hakuweza kusema uongo, alikuwa anamtajia yale mashimo mapya aliyoyapata, moja moja, na kwa kila moja anasema hayumo. Nilikuwepo mara moja. Sitaki kuwepo tena.

Kilichomaliza mambo kilikuwa mashine. Wawekezaji walipata eneo, wakaja na mitambo mikubwa ya njano, kihalali kabisa, na leseni zao. Mpima alipanda kama kawaida kuendelea pale alipoishia, akakuta mteremko mzima haupo. Umekatwa, umesukumwa, umejazwa bondeni. Mito aliyoichora imehamishwa. Mihogo, mikuyu, mashimo aliyoyajua na yale ambayo alikuwa hajayafikia, yote yamekuwa udongo mmoja mwekundu. Alisimama kwenye uzio mpaka mlinzi akamletea kigoda. Mlinzi alimwamkia, akamuuliza kama amekuja kutafuta kazi.

Alikuja dukani kwangu baada ya siku kadhaa. Alikuwa na ramani yote, mabunda yote, kwenye mfuko wa salfeti. Nilidhani anataka nakala. Akaniambia niichukue, upande wa nyuma ni mweupe, itafaa kwa kufungia bidhaa. Nikasema sifanyi hivyo. Akaiacha juu ya kaunta. Akasimama kidogo, akashika ukingo wa kaunta, nikaona jinsi alivyozeeka, ngozi ya shingo imelegea, macho yana ukungu. Akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya kalamu:

"Huwa wanachagua mgomba wa aina gani?"

Nilifunga duka nikampeleka Lumemo mwenyewe.

Nilimwona mara ya mwisho akiwa amesimama kwa miguu yake siku ya mazishi yale. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliwahi. Tulimkuta amekaa peke yake kwenye benchi, turubai halijafungwa. Mashangazi walikuwa wamekata mgomba kutoka nyuma ya nyumba, wameulaza kwenye mkeka, wanautayarisha kuuvika shati ambalo dada Skola alikuwa amelitunza. Mpima alisogea akautazama.

"Huu ni mfupi," alisema.

Mashangazi wakatazamana. Mmoja akasema, "Baba, si unatosha tu?"

"Hapana. Alikuwa ananifika hapa." Akagusa nyusi zake. Akasimama hivyo, kidole kwenye nyusi, hakishuki, mpaka mmoja wao akanyanyuka akachukua panga. Walikata mwingine. Alilala chini kando yake kwenye mkeka, mzee mzima na mabuti yake, ili waupime. Watu walioanza kucheka waliacha.

Katekista alisoma sala. Kwaya iliimba vizuri, dada Skola mwenyewe akiongoza sauti ya kwanza, sijui alizitoa wapi nguvu. Tulikwenda makaburini kwa miguu, mgomba umefunikwa shuka jeupe, umebebwa na watoto wa kiume wa dada Skola. Ukashushwa. Kisha katekista akamwita mkubwa wa familia aanze kumwaga udongo, kama ilivyo desturi.

Mpima aliinama akachota udongo kwa mkono wa kulia. Akasogea mpaka ukingoni. Hakuumwaga. Alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kukohoa, mpaka mtoto mkubwa wa dada Skola akamsogelea kumshika kiwiko. Nilikuwa karibu. Niliusikia ule udongo unadondoka kidogo kidogo kati ya vidole vyake kwenye mabuti.

"Shemeji," alisema, hakuinua kichwa. "Humu hayumo."

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Katekista alifunga kitabu. Dada Skola alitoka kwa wanawake wenzake, akapita katikati ya watu, akaja akasimama karibu naye, upande ule ule wa kaburi. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, mwanamke yule, na aliongea polepole kama unavyoongea na mgonjwa.

"Najua hayumo, shemeji. Miaka yote umeniambia mahali asipokuwepo. Kule hayupo, kule hayupo. Leo niambie nilie wapi."

Mpima alimtazama. Akageuka akatazama upande wa Mahenge, ambako siku ile hata milima haikuonekana kwa mawingu, kisha akatazama chini, mbele ya miguu yake.

"Hapa," alisema, akamwaga udongo.